Moyale hadi Addis Ababa kwa basi, mfukoni bila Kiamhari

Kiswahili kinakufikisha Moyale bila taabu. Unapanda basi la usiku Nairobi, unaamka Marsabit upepo ukivuma, unaagiza chai na unaletewa chai. Hata ukivuka mpaka bado unasikilizwa. Wenye maduka, wabadilishaji fedha na vijana wa stendi upande wa Ethiopia wanakujibu Kiswahili chenye lafudhi ya Kiborana, maana mji ni mmoja, mpaka ndio umeupasua. Tangu Desemba 2020 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, na Mkenya haulizwi viza. Magari yanahama kutoka kushoto kwenda kulia, na mambo yanaendelea.

Aliyenionya ni kijana aliyenibadilishia shilingi kuwa birr. "Hapa tunaelewana, kaka," alisema huku akihesabu noti. "Ukishapita Yabelo, Kiswahili kimeisha."

"Na Kiingereza je?"

Alicheka tu.

Basi la kuelekea kaskazini lilikuwa la kesho alfajiri, kwa hiyo nililala Moyale. Jioni nikakaa na mwenye nyumba ya wageni, mzee mmoja mpole, nikamwomba anifanyie kazi ndogo kwenye daftari langu: aniandikie maneno ya kuulizia bei, mahali, saa na choo, safu moja Kiamhari na safu nyingine Kiborana. Nilikuwa na programu ya tafsiri kwenye simu, lakini ilitaka intaneti, na njia ile mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Isitoshe, ukimwekea mtu simu usoni anaiangalia simu. Ukimwekea daftari, anakuangalia wewe. Mzee aliongeza la kwake: juu ya ukurasa aliandika Hawassa na Addis Ababa kwa herufi za Kiethiopia, akagonga kila neno kwa kidole ili nilikariri lilivyo.

Tiketi yenyewe ingemtia mtu kiwewe. Maneno yote yalikuwa ya herufi zile, tarakimu tu ndizo nilizoweza kusoma: 11/3/2017. Kwa kalenda yangu kesho yake ilikuwa 20 Novemba 2024. Ethiopia ina miezi 13, mwaka unaanza Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Asiyejua angedhani ameuziwa nafasi kwenye basi lililokwisha ondoka zamani. Chini ya tarehe kulikuwa na 12:00. Karani aliponiona mgeni alianza kunifafanulia kwa Kiingereza cha kuokoteza, "six, six," akiinua vidole sita. Nikamwambia najua. Wao wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, na saa 12 asubuhi ni saa 12 asubuhi. Katika safari nzima hilo ndilo jambo ambalo sikuhitaji kuelezwa na mtu, na nakiri niliringa nalo kidogo, maana mle ofisini kulikuwa na vijana wawili wa Kizungu wenye mabegi makubwa waliokuwa bado wanabishana kama basi linaondoka alfajiri au adhuhuri.

Liliondoka alfajiri. Kiti changu kilikuwa cha dirishani, na nyuma yangu alikaa mama wa makamo aliyejitanda shali nyeupe, msalaba shingoni kwenye uzi mweusi, pamoja na msichana wa miaka minane au tisa. Jua lilipopanda nikafungua dirisha. Mkono ukatoka nyuma yangu ukalifunga. Nikadhani limeteleza, nikalifungua tena, safari hii nusu. Mkono ukarudi, na sasa ukaandamana na maneno. Nikageuka. Mama alijifunika shali hadi mdomoni, akakohoa kikohozi cha kuigiza, kisha akanionyesha abiria wote kwa mzunguko wa kidole. Kweli, hapakuwa na dirisha lililo wazi hata moja, na nje kulikuwa na joto. Waethiopia wengi wanaamini upepo wa dirisha la gari unaleta ugonjwa. Makanga wa kwetu angeniachia jasho langu na matusi juu. Yule mama aliponiona nimesalimu amri alinipa kipande cha mkate. Nikaonyesha mbele, nikauliza, "Hawassa?" Akavuta pumzi ghafla, kama mtu aliyeona nyoka. Nikageuka kutazama barabara kuna nini. Hakukuwa na kitu. Ile pumzi ndiyo "ndiyo" yao, na ilinichukua nusu ya asubuhi kuacha kushtuka.

Baada ya hapo kikaja kizuizi cha barabarani. Wote mnashuka, mnapanga foleni, mizigo inapekuliwa. Njia hiyo ina vizuizi vingi na askari hawana haraka. Nilipotoa pasipoti, kijana mwenye bunduki aliifungua, akaifunga, akaniuliza kitu kirefu. Nikasema, "Addis Ababa." Akauliza tena. Nikasema, "Kenya." Hapo uso wake ukabadilika.

"Kipchoge!" alisema, kisha akageuza kidole gumba chini, polepole, kwa furaha isiyofichika. "Tamirat Tola!"

Alikuwa na haki. Agosti ile, kwenye Olimpiki ya Paris, Tola alitwaa marathoni na Kipchoge akaacha mbio njiani. Lakini mimi nami sikwenda Ethiopia mikono mitupu. "Chepngetich," nikamwambia, nikachukua kalamu na kuandika kiganjani 2:09:56. Ule ulikuwa muda wake wa marathoni ya Chicago mwezi uliotangulia, ulioondoa rekodi ya dunia ya wanawake mikononi mwa Tigist Assefa wa Ethiopia. (Baadaye Chepngetich alifungiwa kwa dawa, lakini siku hiyo hatukuwa na habari hizo, na mimi nilizitumia dakika zake kwa moyo mweupe.) Askari akaita wenzake waje waone kiganja changu. Walibishana wao kwa wao kwa Kiamhari, mimi nikitupia majina katikati: Kenenisa, Tirunesh, Rudisha. Dereva alipopiga honi, pasipoti yangu ilikuwa bado mkononi mwa mtu wa tatu. Sidhani kama kuna aliyesoma jina langu.

Mega ndipo nilipoanza kuona mpaka wa daftari langu. Mzee mmoja wa Kiborana alipanda pale, kilemba kichwani na fimbo mkononi, akakaa kiti cha ng'ambo ya ujia. Tukasalimiana, "Nagaa?" "Nagaa," salamu ambayo ukiishi Isiolo au Marsabit unaijua hata kama hujui kingine. Akadhani najua kingine. Basi lilipokuwa linatoka mjini alinyoosha fimbo dirishani kuonyesha upande wa vilima, akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri, hilo lilikuwa wazi. Sauti ilishuka, ikapanda, mkono ukapiga goti, mahali fulani alinyamaza akangoja nishangae, nami nikashangaa. Neno nililoshika ni moja tu, Taliani. Waitalia walikuwa na ngome Mega wakati walipoikalia Ethiopia, kati ya 1936 na 1941, na majeshi ya Afrika Kusini yaliyotokea upande wa Kenya yaliiteka Februari 1941. Hayo yamo vitabuni. Yale ya mzee, huenda ni baba yake, huenda ni ng'ombe wao, huenda ni mtu aliyejificha kwenye mapango ya vilima vile, yalinipita yote nikiwa nimekaa umbali wa mkono mmoja.

Watu waliosafiri sana hupenda kukwambia kwamba lugha si kizuizi, ukitabasamu na kuashiria kwa mikono mambo yanakwenda. Yanakwenda ya tumbo na ya tiketi. Mzee alishuka kabla ya Yabelo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akiwa na hakika kwamba amenisimulia.

Baada ya Yabelo kijana wa mpakani alithibitika mkweli. Nilijaribu Kiswahili kwa utingo, akaniangalia kwa huruma. Jambo la kutatanisha ni kwamba mabango mengi yalikuwa yanasomeka. Kioromo, ambacho Kiborana ni lahaja yake, kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, hivyo nilikuwa naweza kulitamka kila bango njiani bila kuelewa chochote. Manufaa yake niliyaona tuliposimama kula Bule Hora, mji ambao wengine bado wanauita Hagere Mariam. Ubaoni paliandikwa "Mana Nyaataa" na harufu ilikuwa inatoka ndani. Bango hilo halikutaka mkalimani.

Mama wa shali alinishika mkono wa shati akaniketisha mezani pao, kama mtu aliyekwisha kabidhiwa mzigo na hataki upotee. Nilimwonyesha mhudumu nyama iliyokuwa meza ya jirani. Mama akatikisa kichwa, akashika msalaba wake, akahesabu vidole hadi cha tatu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hawali nyama, mayai wala maziwa. Sikulazimika kufunga naye, lakini ni nani atakula mbuzi mbele ya mama aliyemfungia dirisha kwa ajili ya afya yake? Ikaja sinia moja ya injera, chapati yao pana yenye uchachu, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde, moto bado inachemka ndani ya chungu kidogo cheusi, dengu, kabichi na pilipili ya unga pembeni. Nilianza kula kwa adabu upande wangu. Mama alinitazama kidogo, akakata kipande kikubwa cha injera, akakikunja na shiro ndani mpaka kikawa tonge la kujaza kinywa, akaninyooshea hadi mdomoni. Pale mezani, mbele ya dereva, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Gursha hiyo, na haikataliwi. Nikafungua mdomo. Msichana akacheka hadi akapaliwa. Nikiwa natafuna, la pili lilikuwa tayari, maana moja peke yake ni kama kumtakia mtu shari.

Maji nililipia mwenyewe, na hapo nikapata bahati nyingine. Mwenye duka alisema "arba". Nikatoa birr 40 kabla hata sijafikiri. Selasa, arba, hamsa, semanya: mtu aliyekua na thelathini, arobaini, hamsini na themanini hapotei sana katika makumi yao. Mamoja ndiyo yanayokutupa mtaroni. Kwa hiyo tangu siku hiyo nilipenda bei za mviringo.

Msichana ndiye aliyenifundisha kusoma. Vumbi la asubuhi lilikuwa limeganda kwenye kioo changu kilichofungwa, akaja akasimama kati ya kiti changu na cha mbele, akaandika kwa kidole herufi moja. Umbo lake ni meza yenye miguu miwili sawa. "Be," akasema. Nikasema be. Akaandika nyingine ileile, ila safari hii mguu wa kushoto ukiwa mfupi. "Ba." Nikafungua daftari, nikatazama Addis Ababa ya mzee wa Moyale, na kweli hizo hapo mwishoni, be na ba zimefuatana. Kila konsonanti ina maumbo saba, unaongeza mguu, kipete au mkia kufuatana na irabu. Tulijaza kioo chote. Nikikosea alinipiga begani kwa kiganja, nikipatia alivuta ile pumzi ya kushtuka. Nilitaka kumuuliza kwa nini hayuko shule siku ya Jumatano, na walikuwa wanatoka wapi, harusini au msibani. Kwenye daftari hakukuwa na swali la namna hiyo.

Kutoka hapo nchi inageuka kijani. Yirgacheffe kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja virefu kando ya barabara, Dilla ilipita na msongamano wake, na jua lilipokuwa linainama niliona bango lenye neno la herufi tatu ambalo nililisoma mwenyewe, kwa sauti, ha-wa-sa, abiria wawili watatu wakageuka. Stendini mama alimwita dereva wa bajaji, akamwambia kitu kikali kilichokuwa na neno birr ndani yake mara mbili, akanionyesha noti ngapi nitoe na si zaidi, akaondoka na mjukuu, kama ni mjukuu.

Asubuhi nilikunywa supu ya samaki ufukweni mwa ziwa, makorongo wakubwa wakizurura kati ya meza, kisha nikapanda basi la Addis. Safari ya pili haina mengi. Shashemene, mashamba ya maua, barabara nzuri, jirani aliyelala njia nzima.

Addis, nje ya stendi ya Kaliti, nilijikuta nyumbani kwa namna ya ajabu. Minibasi za bluu na nyeupe zimepangana, na mlangoni mwa kila moja kijana ananing'inia akiita mwisho wa safari kwa kasi ya mnada: "Meksiko, Meksiko, Meksiko!" Kwa Kiamhari anaitwa weyala. Kazi yake, kelele yake, jinsi anavyokunja noti katikati ya vidole na anavyokusukuma ndani pasipo nafasi, vyote navijua tangu nikiwa mtoto. Nilikaa karibu na mlango nikasikiliza wenzangu wanashukaje. Wanasema "woraj alle", na gari linasimama.

Karibu na mzunguko wa Meksiko nikaona jengo nililoelekezwa. "Woraj alle!" nikaita, labda kwa nguvu kupita kiasi. Minibasi ikasimama. Nilikuwa nimekwisha lipa, lakini weyala akanishika bega, akaniambia jambo refu lenye swali mwishoni, akangoja jibu. Nikamwambia "ishi", sawa, nikashuka. Nyuma yangu gari zima liliangua kicheko.