Tohara ya Agosti Kimilili: hesabu huanzia asubuhi ya mtoni

Mwaka ukigawika kwa mbili, Agosti ya Kimilili, Chwele na vijiji vinavyopanda kuelekea Mlima Elgon ni mwezi wa tohara ya Wabukusu, jamii ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Ilikuwa hivyo 2022 na 2024, na zamu nyingine ni 2026. Mgeni huona mwisho tu: mvulana aliyepakwa tope akisindikizwa na umati alfajiri. Familia inayoandaa inajua kwamba asubuhi hiyo ndiyo inayopanga kila kitu, na hesabu hufanywa kurudi nyuma.

Anzia kwenye pombe, maana haimsubiri mtu. Kwa kawaida siku tatu kabla ya kukatwa, mvulana mwenyewe huteka maji mtoni na kuyamimina kwenye mchanganyiko wa busaa, pombe ya unga wa mahindi na kimea. Tendo hili ni khuchukhila, na likishafanyika busaa itaiva siku yake, ng'ombe awe amepatikana au hajapatikana. Kwa hiyo unga uliokaangwa na kimea viwe tayari tangu Julai.

Kimea ni wimbi. Loweka usiku kucha, chuja maji, weka ndani ya gunia na ufunike kwa majani ya mgomba. Baada ya siku mbili au tatu vijimizizi hutokeza na kushikana. Hapo anika bila kuchelewa, kwa sababu chipukizi zikirefuka hula ile nguvu unayoihitaji. Huku mvua za alasiri ni nyingi, na kimea kikiingizwa ndani na unyevu huota ukungu. Kimea cha ukungu ni cha kutupa. Usikichanganye na kizuri kwa kuogopa hasara.

Unga wa mahindi uwe wa chengachenga. Utie maji hadi ushikane ukiufinya kiganjani bila kuchuruzika, ushindilie ndani ya pipa, ufunike uchachuke siku tatu hadi tano. Halafu inakuja kazi ya moshi: bati pana juu ya mafiga, na mtu wa kugeuza unga kwa sepeto bila kupumzika hadi mabonge yawe ya kahawia. Moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki mbichi, na uchungu wa kuungua hautoki tena. Anika mabonge yakauke vizuri, yatakaa wiki kadhaa.

Kipimo cha kuanzia ni gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) moja ya kimea kwa gorogoro tatu au nne za unga. Maji ya kuchanganyia yawe baridi au vuguvugu. Ya moto huua kimea na pombe haichachuki. (Maji moto yana wakati wake, kwenye chungu cha wazee wanapokunywa kwa mirija mirefu, chisekhe.) Kadiri unavyopanda mteremko, baridi ya usiku huchelewesha busaa, kwa hiyo weka pipa karibu na jiko badala ya kuongeza kimea ovyo.

Wakati pombe inaandaliwa, mvulana anazunguka kualika jamaa, akigonga kengele za chuma, chinyimba, kwenye bangili za mikononi. Nyumba ambayo haiwezi kurukwa ni ya mjomba. Mjomba humchinjia ng'ombe na kumvika shingoni kipande cha nyama, luliki, anachorudi nacho nyumbani. Mambo mengi hukwama hapa. Ikiwa mahari ya mama haijakamilika, mjomba anaweza kukataa kutoa nyama, na mtoto atarudi shingo tupu mbele ya kijiji kizima. Deni hilo ni la wazee kwa wazee: baba aende kulimaliza miezi kabla, bila kumtuma mtoto na kengele zake akabebe ugomvi usio wake.

Alfajiri ya siku yenyewe ni mtoni, mahali paitwapo sitosi. Mvulana hupakwa tope baridi mwili mzima na kuwekewa nyasi kichwani. Wimbo wa Sioyaye huimbwa njiani kurudi nyumbani, si kabla. Vijana wanaouanzisha barabarani mchana ili kuchangamsha watu wanauvunjia heshima. Uani atasimama bila kupepesa, na baada ya hapo ana rika la maisha, mojawapo ya yale manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa.

Kwenye kisu msiwe na aibu ya kuuliza. Kisu kimoja kwa mvulana mmoja, glavu mpya, tope lisafishwe vizuri kabla ya kukata. Kisu cha kushirikiana kinaweza kupitisha virusi vya ukimwi, na mkataji anayekasirika akiulizwa hilo hafai kuitwa. Familia nyingi sasa humwita mhudumu wa afya nyumbani au humpeleka mtoto hospitali baada ya kutoka mtoni, na luliki, busaa na rika vinabaki palepale.

Jeraha huhitaji wiki 6 hivi kupona kabisa, na likizo ya Agosti haifiki hapo. Kwa hiyo kata wiki ya kwanza ya likizo, zungumza na mwalimu mapema kuhusu michezo na kazi za mikono, na kidonda kikitoa usaha, kikivimba zaidi baada ya siku chache au mtoto akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.