Mwenye hati na mwenye godoro

Mwenye nyumba wangu si mtu mbaya, ila akija kuchukua kodi haondoki bila siasa. Juzi kasimama mlangoni, anachezea fungu lake la funguo, akasema: "Diwani tungemchagua sisi wenye majengo tu. Nyie wapangaji ni wapita njia."

Mpita njia huyu ana miaka 9 ndani ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba mwenyewe anaishi mji mwingine. Nilinyamaza, maana bomba la jikoni lilikuwa linavuja na fundi ni wa kuletwa naye.

Wazo lake ni la zamani. Ireland ya Kaskazini, hadi mwaka 1969, kura ya halmashauri ilikuwa ya mlipa kodi ya jengo na mwenzi wake. Mtu mzima anayeishi kwa wazazi, au aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, hana lake. Huku kampuni ikiweza kupata hadi kura 6 za ziada! Watu waliingia barabarani kudai mtu mmoja, kura moja. Mwaka huohuo, kule New York, mseja wa miaka 31 aliyeishi kwa wazazi wake alikuwa amezuiwa kuchagua bodi ya shule kwa sababu hamiliki wala hajapanga nyumba, na hana mtoto shuleni. Alifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda.

Kwingine mambo hayo yapo hadi leo. New Zealand, ukiwa na nyumba usikoishi, unaweza kujiandikisha kupiga kura za halmashauri ya huko pia. Melbourne, Australia, hata kampuni ina wapigakura wake 2.

Nami nikiri: nina kiwanja mbali na ninapoishi. Nakilipia kodi kila mwaka, barabara yake imeliwa na mvua, na sina kura ya kumng'oa diwani wa kule. Inauma. Lakini wanaovua viatu kuvuka lile tope kila asubuhi ni wengine, mimi nalisikia kwenye simu.

Halafu hiyo kodi ya jengo anayojivunia mwenye nyumba, nani anailipa? Mwaka jana ilipopanda aliniletea kikaratasi, kwa mwandiko wake: "Kodi ya jengo imeongezeka, hivyo pango nalo litaongezeka." Ninacho bado, nimekibandika nyuma ya mlango. Mwisho wa mwezi nitamwonyesha. Bomba likishatengenezwa.