Theluji ya Buffalo na watoto watatu: tulivyojipanga

Kila ikikaribia Novemba napigiwa simu na watu wanaohamia Buffalo, jimbo la New York, wengi wakitokea Texas au Arizona walikofikia kwanza, na wote wameshapewa ushauri njiani. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ushauri mwingi wanaofika nao umetolewa na mtu aliyeiona theluji kwenye simu tu, na mwingine unaweza kuua familia nzima.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Baridi niliyoijua ni ile ya asubuhi za Julai: unajitanda kitenge mabegani, jua likitoka imekwisha. Leo nina watoto watatu, nafanya usafi hospitali zamu ya asubuhi, na baba watoto yuko kwenye ghala la mizigo kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Siku za shule, wanawe hawamwoni. Wanaondoka yeye amelala, anarudi wao wamelala. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Kwanza muelewe theluji ya huku inatoka wapi. Inatoka ziwani. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na baridi inapoanza maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi. Upepo mkavu wa baridi ukipita juu yake kwa urefu wote wa ziwa unazoa mvuke, na ukifika nchi kavu unaumwaga wote, theluji tupu. Tena unaumwaga kwa mkanda mwembamba. Novemba 2022 Orchard Park, kusini mwa mji, ilipata karibu mita mbili za theluji hadi mechi ya timu yetu ya Bills ikahamishiwa Detroit, na wakati huohuo vitongoji vya kaskazini vilipata sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hiyo rafiki yako wa Amherst, huko kaskazini, akikwambia kwake barabara iko wazi, wewe wa upande mwingine wa mji usitoke kwa neno lake. Ziwa likishaganda mvuke unakatika, na Erie huganda upesi kwa sababu ndilo lenye kina kifupi kuliko Maziwa Makuu yote matano ya Amerika Kaskazini. Ndiyo maana mimi naiogopa Desemba kuliko Februari, ingawa Februari ndiyo yenye baridi kali.

Sasa shule. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia, sauti ya kurekodiwa inasema leo shule zimefungwa. Kazi haijafungwa. Hapa ndipo familia nyingi zinapovunjika mgongo, wala si kwenye baridi. Mimi natakiwa kazini saa kumi na mbili na nusu. Baba watoto anaamka kuwashika, lakini mabasi siku hiyo yanatambaa, kwa hiyo ni lazima atoke saa sita mchana kuwahi zamu, na mimi nafika nyumbani giza limeshaingia. Katikati pale watoto wanabaki na nani? Kwenye kazi yangu ya zamani msimamizi aliniambia theluji si sababu, akanikata siku, akaniandikia onyo. Mwanamke mwenye mtoto mchanga, mji umesimama, unamwandikia onyo! Lilinikera, linanikera mpaka leo, na niliacha kazi ile kwa furaha.

Dawa tuliyoipata ni akina mama wanne wa mtaa mmoja: mimi, Mkongomani mwenzangu wa Uvira, Mrundi mmoja, na dada wa Kitanzania anayesoma chuo. Kila Jumapili jioni tunatumiana ratiba zetu za wiki. Shule ikifungwa, asiye na zamu siku hiyo ndiye mama wa wote. Hakuna kuuliza na hakuna kuombana. Mtoto anakuja na chakula chake, nguo kavu za kubadilisha na soksi za ziada, soksi muhimu kuliko chakula. Pesa tulizikataa tangu mwanzo, kwa sababu mwenye shida ya pesa ndiye angekuwa wa kwanza kuacha kuleta mtoto, na yeye ndiye anayeihitaji kazi kuliko wote. Tumegombana mara nyingi, tena kwa sauti, lakini ratiba haijawahi kuvunjika.

Shida ikawa kuwafikisha. Kabla greda la manispaa halijapita, mtaa wetu wa pembeni unakuwa na theluji ya magotini, na kutoka kwangu hadi kwa dada Mrundi ni mwendo. Kigari cha mtoto kilishindwa hata kutoka getini. Theluji inajipakia kwenye magurudumu, inagandamana, hayazunguki tena, unabaki unaburuta chuma. Wa mwisho nikambeba mgongoni kwa kitenge vilevile tunavyobeba kwetu, kisha nikavaa koti kubwa la baba watoto juu yetu wote wawili, zipu hadi kifuani, kichwa cha mtoto kikachungulia kwenye ukosi akiwa na kofia yake. Joto la mgongo wangu lilimtosha, akalala njia nzima. Mama mmoja Mmarekani alisimama kwenye ngazi zake akapiga makofi.

Lakini wale wawili wakubwa, pamoja na mizigo yao? Nikanunua sleji ya plastiki kwenye duka la mitumba, ile wanayotelezea watoto wa hapa, dola chache sana. Mara ya kwanza niliivuta kwa mkono, kamba ikanikata vidole hata ndani ya glavu, na kila nikisimama sleji inakuja kunigonga visigino. Ndipo akili ikafanya kazi. Nikachukua kitenge cha zamani, nikakisokota, nikakifunga kiunoni fundo nyuma, kamba nikaifunga kwenye fundo. Mikono yote miwili ikawa huru kushika ukuta na kusawazisha mwendo. Ndani ya sleji nikaweka kreti la maziwa, nikalikaza kwa waya pembe zote nne: mtoto wa kati anakaa ndani ya kreti habingiriki, mkubwa anakaa nyuma yake akiishikilia mifuko. Chini yao boksi lililokunjuliwa na blanketi, maana plastiki peke yake inapitisha baridi hadi kwenye mifupa. Nimevuta watoto kwa sleji ile, nimevuta unga wa ugali, galoni za maziwa, na siku moja televisheni ya jirani. Leo mtaani kwetu zipo za namna hiyo kila nyumba kadhaa, na wa kwanza kuifunga kreti alikuwa mimi.

Mengine ya haraka. Soksi ni za sufu, pamba ikilowa inabaki imelowa na mguu unaganda. Buti za mtoto zikianza kuvuja na mshahara bado, vaa soksi, juu yake mfuko mtupu wa mkate, ndipo buti. Na tafadhali sana, msimfunge mtoto kwenye kiti chake cha gari akiwa na koti nene. Koti linajaa hewa, mkanda unaonekana umekaza kumbe haujamshika, mkigongwa anachomoka. Mvue koti, mfunge, kisha mfunike nalo kwa juu. Hili muuguzi alinionyesha kwa mikono yake na nimewafundisha wengi.

Sasa ule ushauri. Mwenzake baba watoto kazini, mtu mzima anayejidai mzoefu, alimwambia barafu ikiganda kwenye kioo cha mbele mwagia maji ya moto, dakika moja umemaliza. Akamwagia. Kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona mbele ya macho yetu, na pesa ya kodi ya nyumba ikaenda kwa fundi. Wamarekani wenyewe wanawasha gari, wanaweka joto kwenye kioo, wanakwangua taratibu kwa kibao cha plastiki. Lakini kabla hujawasha, zunguka nyuma ufukue ekzosi. Ekzosi ikiwa imezibwa na theluji, moshi unarudi ndani ya gari, sumu iliyomo haina harufu ya kukuonya, na watu hufa wamekaa na mikanda yao. Hivyo anayekwambia uwaweke watoto ndani ya gari wapate joto wakati wewe unapiga chepe, mkatalie. Watoto wabaki ndani ya nyumba.

Ushauri uliotaka kutuua ulikuja Desemba 2022. Ijumaa tarehe 23 baba watoto aliitwa kazini tangu alfajiri kwa saa za ziada za Krismasi, mvua ikinyesha. Baada ya muda mfupi mvua ikageuka theluji na upepo ukapanda. Upepo ule ulipita kilomita 110 kwa saa. Hatukuona nyumba ya ng'ambo ya barabara, kisha hatukuona hata mti wa mbele ya dirisha. Serikali ya kaunti ikapiga marufuku magari barabarani, na baba watoto akabaki ghalani na wenzake. Jioni umeme ukakatika. Joto la nyumba zetu ni la gesi, lakini feni inayolisukuma ni ya umeme, kwa hiyo umeme ukienda na joto limekwenda.

Simu ikaingia kutoka kwa ndugu aliye mbali, simtaji kwa heshima. Anasema: "Dada, ingiza lile jiko la mkaa la kuchomea nyama jikoni, funga madirisha, mtapata joto." Nilimjibu kwa ukali ambao sijawahi kumjibu mkubwa wangu. Kwetu nani hajasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, asubuhi hawakuamka?

Nilichofanya ni hiki. Nilichagua chumba kimoja chenye dirisha moja dogo. Mlangoni nikapigilia mablanketi, chini ya mlango vitenge vilivyosokotwa, dirishani godoro. Jiko la gesi niliwasha kwa kiberiti kupika uji na kuchemsha maji, dirisha la jikoni limefunguliwa kidogo, kisha nikalizima, maana si la kuotea moto. Maji ya moto nikajaza kwenye chupa, nikaziviringisha kwa soksi, kila mtoto akalala na yake. Mabomba niliyaacha yakidondosha maji kidogo kidogo yasigande. Na yule bibi Mmarekani wa chini, anayeishi peke yake, nilishuka nikamwambia "Bibi, twende juu," akapanda na redio yake ya betri. Tukalala wote chumba kimoja. Yeye ndiye aliyewasimulia wanangu dhoruba ya Januari 1977, ambayo theluji yake ilipeperushwa na upepo kutoka juu ya ziwa lililokuwa limeshaganda. Kwa hiyo hata ziwa likiganda, msilale mkajisahau.

Baba watoto alirudi kwa miguu upepo ulipotulia, ndevu nyeupe, hawezi kufungua vidole. Nilimweka mikono kwapani mwangu, si motoni wala kwenye maji ya moto. Uwanja wa ndege ilipimwa theluji ya zaidi ya sentimeta 130. Watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo letu, wengine ndani ya magari yao, wengine ndani ya nyumba zisizo na joto, wengine kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kuwafikia. Kati yao wako waliokaa mitaa ya karibu na kwangu. Kwa hiyo mtu akiniambia theluji ni nzuri, namkumbusha hao kwanza.

Na ni nzuri. Hilo nalo nalisema kwa moyo wote. Kuna asubuhi hakuna upepo, theluji inashuka kavu kama unga wa muhogo, na mwanangu wa kati ananinyooshea mkono wa koti lake jeusi: "Mama, tazama upesi!" Chembe moja imekaa juu ya kitambaa, ina ncha sita, kila ncha na vijitawi vyake, unaiona kwa macho bila miwani, halafu pumzi yako inaiyeyusha. Na shule ikifungwa kwa kiasi, si kwa dhoruba, baba yao anaamshwa saa tatu asubuhi na watoto watatu juu ya tumbo lake. Anatoka nao nje, wanajenga wanachojenga, wanarudi mashavu yamewaka, anawapikia chai ya tangawizi na maandazi ya jana. Siku kama hizo mshahara unapungua, mimi nikiwa kazini roho iko nyumbani, na bado sitaki zipungue, kwa sababu ndizo siku pekee za katikati ya wiki ambazo wanangu wana baba. Nimeshamwona mkubwa wangu akilala amegeuza nguo za kulalia nje ndani, wenzake shuleni wamemwambia hivyo ndivyo theluji inavyoitwa. Sikumzuia.

Msaada wa serikali wa kulipia joto la nyumba, HEAP, huku New York hufunguliwa kwa kawaida Novemba. Ombeni mapema, pesa zikiisha zimeisha. Chumvi ya kumwaga kwenye ngazi nunueni kabla ya tangazo la dhoruba, na mjue baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri chumvi ya kawaida inayeyusha kidogo sana, mwageni mchanga.

Dada wa Kitanzania amemaliza chuo na amehamia Rochester, kwa hiyo tunatafuta mama wa nne. Awe na siku za mapumziko tofauti na zetu, awe anakaa mtaa wetu au unaofuata, asiwe wa kutegemea gari. Sleji ninayo ya ziada.