Kivumbasi, mbaazi na tumbo langu

Mbaazi za nazi kwa mahamri nazipenda, ila tumbo langu halizitaki. Nikizila asubuhi, ikifika saa nne niko kazini nafungua mkanda wa sketi chini ya meza, tumbo limejaa, nabeua kila dakika na kuomba radhi. Waliokulia Tanga watanielewa kwamba kuacha mbaazi halikuwa jambo la kujadiliwa.

Shangazi yangu wa Pongwe hakupenda vidonge vya gesi nilivyokuwa natembea navyo kwenye pochi. "Mwanangu, kivumbasi kimejaa hapo nje. Chuma, chemsha, unywe, mambo gani hayo ya kutafuna chokaa?" Nikirudi Ngamiani nakuta kila mtu ana yake. Huyu anasema tangawizi, yule habasoda, jirani wa ukutani anasema maji ya limau na chumvi. Ukiwauliza wamejuaje, jibu ni moja: nilikunywa, nikapona. Sasa gesi ina tabia ya kuisha yenyewe. Ukinywa chochote saa nne, hata maji ya bomba, ikifika saa tisa utakuwa umepona, na kilichokuwa kwenye gilasi ndicho kitakachopewa sifa. Mimi naandika hesabu za duka, na kuingiza mapato yasiyo na risiti kunanipa tabu. Nikaamua kivumbasi nikijaribu kwa daftari.

Kabla ya hapo nilikwenda hospitali, na hili nasisitiza kwa yeyote atakayetaka kufanya kama mimi. Choo kikapimwa minyoo na amiba, wakaangalia pia bakteria wa H. pylori, wale wanaoleta vidonda vya tumbo. Daktari alicheka nilipomweleza mpango wangu, akanisimulia habari za Barry Marshall, daktari wa Australia ambaye mwaka 1984 aliwanywa bakteria hao makusudi ili aoneshe kwamba ndio wanaoliumiza tumbo. Akaumwa kweli. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Mimi sikuwa na ushujaa huo, nilikuwa na mbaazi tu. Vipimo vikatoka safi.

Kazi iliyofuata ni kukijua kivumbasi chenyewe, maana jina hili linabeba mimea zaidi ya mmoja. Kipo cha majani madogo kinachoota chini chini, na kipo kirefu kinachofika kifuani, chenye majani mapana yenye manyoya laini. Shangazi anatumia kirefu. Alinikatia tawi, akaniambia nilibiringishe shina vidoleni: lina pembe nne, kama la rehani tunayotilia kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, kwani ni ndugu. Halafu ukifikicha jani, harufu inayotoka ni ya karafuu kabisa. Wataalamu wanasema mafuta yake mara nyingi yana yujeno, kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake na kutia ganzi jino linapouma. Ukitafuna kipande cha jani bichi unaisikia ganzi hiyo kwenye ncha ya ulimi.

Sokoni nilikuta pia dawa ya unga kwenye chupa ya maji, muuzaji anasema ina kivumbasi "na mizizi mingine saba" na inatibu tumbo, mgongo, presha na bahati mbaya. Sikununua. Tiba asili ina sheria yake nchini tangu 2002, na ina baraza linalosajili waganga na dawa zao. Chupa ile haikuwa hata na karatasi. Isitoshe, mizizi saba ikikusaidia utajuaje ni upi uliofanya kazi?

Mpango wangu ulikuwa huu. Mbaazi nipike mwenyewe, kwa kipimo kile kile cha kikombe, nile asubuhi za mwisho wa wiki nikiwa nyumbani. Mara nyingine ninywe kivumbasi baada ya kula: majani mabichi ya kujaa kiganja, maji ya moto gilasi moja, nifunike kwa kisahani ili mafuta yasiondoke na mvuke. Mara nyingine ninywe maji ya moto matupu. Mara nyingine nisinywe kitu. Na kwa sababu harufu ya kivumbasi peke yake inaweza kumfanya mtu ajione amepona, nikaweka na zamu ya mchaichai, kinywaji chenye harufu nzuri ambacho kwa gesi sikukitegemea. Kila baada ya saa moja naandika: tumbo kujaa, kubeua, na ile hewa nyingine ambayo hatuitaji mbele za watu. Hakuna, kidogo, wastani, shida. Mwanangu wa kike aliona daftari lile akauliza kama nimeanza kuumwa kichwa pia.

Bila kinywaji chochote ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni maji ya moto matupu. Yalipunguza kujaa kwa kiasi ambacho, ningekuwa nimekunywa kivumbasi peke yake tangu mwanzo, ningekipa chote kivumbasi. Mchaichai ukawa sawasawa na maji. Kivumbasi kikazidi hapo, ila kwa upande mmoja tu: kubeua kulikuja mapema, kwa nguvu, kisha kukatulia, na ule uzito wa chini ya kifua ukaondoka. Kwa hewa ya chini hakikufanya lolote. Safu ile kwenye daftari ilisomeka "wastani" na "shida" nikinywa nisinywe.

Nikarudi kwenye mbaazi zenyewe. Mazao yote ya jamii ya kunde, mbaazi zikiwemo, yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinateremka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanazila, na gesi ndiyo mabaki ya karamu yao. Kinywaji kinachotuliza uzito wa chini ya kifua hakiwafikii. Lakini mbaazi zikilowekwa, sehemu ya sukari hizo huyeyukia kwenye maji. Nikaanza kuloweka mbaazi usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji ya manjano yenye povu, naosha, nachemsha kwa maji mapya. Hapo ndipo safu ya tatu ilipoanza kuandikwa "kidogo".

Shangazi nilipompelekea taarifa alisikiliza nusu ya kwanza kwa furaha. Nusu ya pili akanuna. "Mbaazi ukimwaga maji yake unamwaga utamu." Kwa hili ana haki, tui inabidi liwe zito zaidi.

Tumbo nililojaribia ni langu, la jirani linaweza kusema mengine. Na yote haya ni ya gesi na kujaa kwa mtu mzima aliyepimwa. Kuhara, hasa kwa mtoto, hakungojei kivumbasi: anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, ORS, na zinki, na kituo cha afya. Choo chenye damu, homa, kukonda bila sababu au maumivu yanayokuamsha usiku, hayo ni ya daktari siku hiyo hiyo. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Sasa nina shina moja la kivumbasi kwenye ndoo iliyotoboka uani. Nakitumia usiku wa shughuli, baada ya pilau na soda, uzito unapokaa juu. Nilijaribu pia kuyaanika majani niwe nayo ofisini, lakini yakikauka juani harufu inapotea karibu yote. Shangazi anasema niyaanike kivulini, juu ya ungo. Nimeyatandaza jana.