Kifuko Kwenye Mpera

Leo asubuhi sikumkuta. Nimekagua tawi baada ya tawi, mpaka chini ya majani ya sukuma wiki, hayupo.

Alikuja usiku ule wadudu wa ziwani walipoizingira taa ya baraza kama moshi, kama kawaida yao hapa Kisumu. Vunjajungu jike, kijani kibichi, mrefu kama kidole changu cha kati, na doa jeupe kwenye kila bawa la mbele. Doa hilo ndilo lililonionyesha kuwa ni Sphodromantis, wale wakubwa wa Afrika. Binti yangu alinyoosha mkono. Mama, aliyelelewa Mombasa, akamzuia: "Mjukuu wangu, usimguse, utavunja chungu!"

Akahamia kwenye mpera, nasi tukahamia naye. Mchana macho yake ni ya kijani, yana kitone cheusi kinachokufuata popote uendapo. "Mama, ananiangalia," binti yangu alinong'ona. Kumbe kitone si mboni. Jicho lile ni vijicho vingi sana vilivyopangwa pamoja, na vile vinavyokuelekea moja kwa moja vinameza mwanga, kwa hiyo unaona giza. Usiku jicho zima hugeuka jeusi. Lakini hata nilipokwisha kujua hayo, aligeuza shingo akanitazama juu ya bega, nami nikajikuta nimemwamkia.

Siku moja alinasa nyuki. Iliniuma, kwa kuwa nyuki nawapenda. Yeye hachagui.

Jumatano tumbo lilikuwa limemjaa. Alining'inia kichwa chini, povu likamtoka nyuma, akalikanda polepole kwa ncha ya tumbo, tawini. Kulipokucha lilikuwa limekauka, kahawia, kama kipande cha sponji. Humo mna mayai mengi, pengine zaidi ya mia. Baada ya hapo alinywea, hata nzi aliyetua karibu hakumshughulisha.

Dawa ya kunyunyizia sukuma nimeiacha. Vidukari nawaosha kwa maji ya sabuni, na watoto wake wakianguliwa watawapunguza; wakiwa wadogo hivyo ndicho chakula cha saizi yao.

Jioni nilimweleza Mama kwamba kesho kijana anakuja kupogoa mpera. Hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na uzi mwekundu wa kushonea, akaufunga mwenyewe kwenye lile tawi, mafundo matatu.