Mwaka Huu Nao

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Luka 13:6-9, ule mtini uliotafutwa tunda miaka 3 likakosekana. Mniruhusu nipitie kwanza shambani kwetu.

Baba alipotoka jeshini alinunua ekari mbili upande wa Nakifuma, hapa hapa Mukono, zikiwa na kahawa ya robusta iliyokwisha komaa. Miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ukaingia Uganda. Kwetu ulianza na shina moja kando ya njia. Majani ya upande mmoja yakalegea, kisha matunda yakawa mekundu kabla ya msimu wake. Mama alifurahi, akadhani tumebarikiwa kuliko majirani. Kumbe mti ukishikwa na mnyauko ndivyo unavyofanya: unaivisha haraka haraka huku unakufa.

Bwana shamba akaja, akachutama, akakwangua gome chini karibu na udongo. Ndani palikuwa na rangi ya buluu inayokaribia weusi. "Mzee, huu hauponi. Ng'oa, choma papo hapo, usiuburute shambani." Baba akamjibu kiaskari: lindo haliachwi. Alikuwa na Luka 13 kichwani, na hakuna wa kumtoa hapo. Kila shina lililoanza kunyauka alilipalilia, akalichimbia, akalitilia samadi. Tulifunga, tukaomba. Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba maji.

Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba kuvu wa mnyauko hukaa udongoni na kuingia mtini kupitia jeraha. Jembe la Baba lilikuwa linakata mizizi hapa, linaondoka na udongo wa hapa, linakwenda kukata mizizi pale. Baada ya misimu michache nusu ya shamba ilikuwa kuni. Bidii yake ndiyo iliyokuwa ikitembeza ugonjwa, na nawaambia kweli, sijaona tena mtu akifanya kazi kwa imani kama ile.

Ndiyo maana nikiusoma ule mtini huuliza: ulikuwa haujazaa, au ulikuwa umekufa chini ya gome? Yule mtunza shamba anaombea mti ulio hai. Tena muda anaouomba ameupima, "mwaka huu nao". Kazi ameitaja, kupalilia na kutia samadi. Na kukata amekukubali kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajashika jembe. Sisi samadi tunaipenda sana. Tukifika kwenye "uukate" tunafunga Biblia.

Paulo aliyewaandikia Wagalatia "tusichoke katika kutenda mema" ndiye huyo huyo wa Matendo 16. Anapita Frigia na Galatia, anakatazwa kulihubiri neno Asia, yaani jimbo la Kirumi la siku zile. Anajaribu Bithinia, "Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa". Luka hasemi walizuiwa kwa njia gani, kama ni unabii, ugonjwa au barabara mbovu, nami nafurahi hakusema, maana tungeigeuza kuwa kanuni. Wakateremkia Troa, na usiku Paulo akamwona yule mtu wa Makedonia. Baadaye, sura ya 19, yuko Efeso, mji wa Asia ile ile aliyokatazwa, anafundisha miaka 2.

Baba naye aliacha. Asubuhi moja alivaa gumboti, akachukua panga, akang'oa na kuchoma kutwa nzima bila kusema neno. Tukapanda muhogo na maharage. Ilipita miaka mingi kabla hajakubali kupanda tena kahawa, miche ya KR, robusta inayostahimili mnyauko, kutoka kituo cha utafiti cha Kituza, ambacho kiko Mukono hii hii.

Sasa, kuna dada kati yetu, amenipa ruhusa niseme bila jina. Duka lake la vitenge linaingia mwaka wa 3 halijalipa pango lake lenyewe. Kila anapokuja kuombewa tunamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Hata mimi nimemwambia hivyo, mara mbili. Sisemi kila duka linalosuasua lifungwe. Kahawa iliyozeeka hukatwa kisiki ikachipua upya, na anayeing'oa hiyo amejitia hasara ya bure. Lakini gome halikwanguliwi kwa maombi peke yake, panahitajika kisu. Jumatano tulikaa na daftari lake. Mkopo wa kwanza wa sako, chama cha kuweka na kukopa, aliulipa kwa mkopo wa pili. Wa pili aliulipa kwa ada ya kifungua mimba wake. Wa tatu, aliyemdhamini ni shemeji yake, na sasa shemeji naye anadaiwa. Nikalikumbuka lile jembe.

Hajaamua. Ameomba hadi mwisho wa Desemba, kwa sababu ya biashara ya Krismasi, na ameahidi kwamba hakopi tena hata shilingi moja, wala hatamwomba mtu amdhamini. Nikamuuliza, na ikifika Januari hesabu ni ile ile? Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mje mnisaidie kufunga mizigo." Jumamosi hii saa 4 asubuhi tunakwenda dukani kwake kuhesabu mali iliyobaki, kitenge kwa kitenge. Mwenye nafasi aje na kalamu.