Mtamba wangu alikuwa na joto la 41.3, na hakuwa na homa

Tulimshusha kwenye kirikuu hapa Njia Panda kwenye joto, saa nane mchana, mwezi wa pili, akitokea Kibosho, juu mlimani Kilimanjaro kwenye ubaridi. Kipimajoto kilionyesha 41.3. Ng'ombe mwenye afya huwa kati ya 38 na 39.3 hivi. Muuza dawa wa jirani alikuwa ameshavuta sindano: "Mama, hii ni ndigana, tumchome ya kushusha homa kwanza." Ndigana ni homa inayoletwa na kupe. Nilikataa, na bado naudhika nikisikia mfugaji mwingine anapewa ushauri huo.

Chini kabisa ya ubongo kuna haipothalamasi, na sehemu yake ya mbele ndiyo inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hutoa kemikali kwenye damu, na mishipa ya damu ya ubongo hutengeneza prostaglandini E2. Hiyo ikizifikia neva za pale mbele, kiwango kinapandishwa: 41 sasa ndiyo sawa, 39 ni baridi. Kwa hiyo homa inapopanda mnyama hutetemeka, manyoya husimama, masikio hupoa, na hutafuta jua. Flunixini, sindano ya kushusha homa, na dawa za jamii yake huzuia prostaglandini isitengenezwe; ni mwanasayansi John Vane aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi hivyo.

Sasa mtazame mtamba: masikio ya moto, manyoya yamelala, shingo imenyooka, ulimi nje, mate yananing'inia hadi kifuani. Nilihesabu ubavu ukipanda na kushuka, pumzi zikazidi 100 kwa dakika. Ubongo wake ulikuwa unahangaika kutoa joto, na joto halitoki. Hapo hakuna prostaglandini ya kuzuia. Sindano isingeshusha kitu, na mnyama aliyekaukiwa maji ingemuumiza figo. Mitoki chini ya masikio, ambayo ndigana huivimbisha, niliipapasa, midogo na laini. Lakini usitegemee masikio peke yake, maana homa ikishafika kileleni kutetemeka huisha. Uliza mnyama ametoka wapi na amesafiri saa ngapi.

Kosa la kwanza lilikuwa magunia. Tulimfunika mgongo kwa magunia mawili yaliyoloweshwa, kama wengi wanavyofanya. Baada ya robo saa kipimajoto kilisoma 41.0, tukafurahi. Robo saa nyingine, 41.2. Nilipoingiza mkono chini ya gunia nilikuta mvuke, ngozi inatokota kama ndizi zilizofunikwa sufuriani. Maji yanapoza pale yanapokauka, na chini ya gunia hewa haipiti, hayakauki.

Tukayatupa. Tulimhamishia kivulini penye upepo, tukaleta na feni ya ndani kwa waya mrefu. Maji ya bomba, ndoo baada ya ndoo, shingoni, kifuani, tumboni na miguuni hadi ngozi yenyewe ilowe, siyo manyoya tu. Halafu tukamwaga mengine ya baridi juu yake bila kungoja. Mwaga, pepea, mwaga tena. Joto likaanza kushuka: 40.6, kisha 40.0. Ndoo ya kunywa iwe mbele yake muda wote, ila usimnyweshe kwa nguvu anapohema, maji yataingia mapafuni.

Kipimajoto kigusane na ukuta wa njia ya haja kubwa, kisichomekwe kwenye kinyesi, kikae dakika mbili, na uzi ufungwe mkiani. Nilikiangalia kila dakika kumi.

Kilipofika 39.5 nikafunga bomba. Vijana walitaka tuendelee, lakini mwili huendelea kushuka wenyewe, na ukingoja 38.5 utamkuta anatetemeka usiku. Asubuhi alikuwa 38.6, anacheua.

Ndigana huonekana wiki moja hadi tatu baada ya kupe kuuma, kwa hiyo nilimpima kila alfajiri, kabla ya jua kuharibu hesabu, kwa siku 25.